Vinu vya Mtani

1

"Viko hai!" Leokadia alipiga ukelele mpaka chupa zikagongana mezani. "Bi Kune, njoo uone! Viko hai vyote!"

Bi Kunegunda alichechemea hadi kwenye hadubini, mkono mmoja ameshika bandeji ya pajani kama mtu aliyetoka vitani. Dakika ishirini tu zilikuwa zimepita tangu akatwe kinyofu cha nyama kisichozidi punje ya mahindi, lakini kwa jinsi alivyogumia ungedhani ameacha mguu mzima kwenye sinia. Aliinama, akafumba jicho moja, akatazama.

"Naona vidudu vya kijani."

"Ndivyo hivyo. Ni vinu vyako. Kinu kikifanya kazi, ile rangi niliyotia inawaka. Kikifa kinazimika. Umeona kilichozimika?"

"Hakuna."

"Hakuna hata kimoja! Una miaka sitini na mbili, Bi Kune, na vinu vyako ni vya msichana!"

"Nimewaambia siku zote," alisema Bi Kune, akajinyoosha kwa maringo. "Nyie watani zangu Wamtamba ndio mlikuwa mnabisha."

Vitabu huiita mitokondria. Pale Lukunguni, kijiji kilichoning'inia kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, kila mtu aliiita kinu, tangu Leokadia Mkude aliporudi kutoka masomoni na kufungua kituo chake katika jengo lililokuwa ghala la kabichi. Kila seli ya mwili ina vinu vyake, mamia kwa maelfu, na humo ndimo chakula kinamogeuzwa kuwa nguvu. Watu walikuwa wamelizoea neno hilo kiasi cha kulifanyia mchezo. Mvivu aliambiwa akavianike vinu vyake juani. Mlevi aliambiwa vyake vinasaga pombe tupu.

Ila hakuna aliyemtania Oliva.

Oliva alikuwa amelala chumba cha pili. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto wa Domitila, dada yake Leokadia aliyefariki kwa ugonjwa uliomlaza Oliva sasa. Kope zake zilishuka zenyewe, hata akiwa anacheka. Kutoka kitandani hadi dirishani alipumzika mara mbili. Vinu vyake vilikuwa na hitilafu ya kuzaliwa, na asubuhi ile mashine ya moyo ilikuwa imesema jambo ambalo Leokadia hakutaka kulirudia kwa sauti: kila ukidunda, moyo ulisukuma chini ya nusu ya damu uliyopaswa kusukuma.

Mwaka uliopita Leokadia alijaribu kumpa mpwa wake vinu vyake mwenyewe. Ni damu moja, alifikiri, nini kitaharibika? Oliva aliamka kitandani, akasonga ugali, akaimba. Baada ya miezi minne akalala tena. Leokadia alilia siku tatu, kisha akaacha kulia akarudi kwenye hadubini, na huko akakuta jibu. Ndani yake yeye pia vilikuwamo vinu vibovu, vichache, vimejibanza. Na kinu kibovu kina tabia moja ya kuudhi: maandishi yake ya urithi yamekatika kipande, kwa hiyo ni mafupi, kwa hiyo kinajinakili upesi kuliko kizima. Kikipata nafasi kinajaza nyumba nzima.

Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa na vinu visivyo na ubovu hata kidogo. Miaka sita alikuwa ameisubiri picha ile ya kijani.

"Vitavumilia muda gani nje ya mwili wangu mtamu?" aliuliza Bi Kune.

"Saa nne, vikiwa ndani ya togwa." Togwa lilikuwa jina tu la maji ya kuvihifadhia, kwa ajili ya rangi yake, aliyeyanywa angejuta. Leokadia alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. "Saa saba na nusu viwe vimeshaingia kwa Oliva. Zaidi ya hapo tunamwaga."

"Mwaga uone! Nitataka paja langu."

Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti nyembamba ikicheka, kisha ikakatika kutafuta pumzi.

2

Remigi aliingia saa nne na nusu, matope magotini, kofia mkononi. Alikuwa kaka mkubwa wa Leokadia na msimamizi wa tumbo lao, yaani ukoo wa mama yao. Kwa watu wa milima ile mtoto ni wa mama yake. Jina, ardhi na maji hupita kwa wanawake, na anayevisimamia ni mjomba. Remigi alikuwa na watoto saba, na wote saba walikuwa wa ukoo wa mke wake, wala hakuna aliyeona ajabu.

"Nimesikia mtani amekatwa mguu," alisema.

"Mguu mzima," Bi Kune alijibu kutoka kwenye benchi. "Na utanilipa jogoo."

"Nikupe jogoo umfundishe uchawi?"

Wakacheka wote wawili. Wamtamba na Wamwale walikuwa watani tangu mababu hawajahamia mlimani. Mtani ndiye anayekuosha ukifa. Huingia jikoni kwako bila hodi, humswaga mbuzi wako ukiwa unatazama, na wewe huna ruhusa ya kumkasirikia. Shida ikiingia nyumbani, wa kwanza kuitwa ni yeye. Ndiyo maana Leokadia, alipohitaji vinu visivyo vya Wamtamba, alimpigia Bi Kune bila kufikiri mara mbili.

Remigi aliacha kucheka kabla ya mwenzake.

"Leokadia. Ukimtia hivyo vya Bi Kune, kisomeo kitamsoma ni nani?"

Leokadia aligeuka dirishani, upande wa mfereji.

Kisomeo kilikuwa sanduku la chuma kwenye lango la mfereji wa Wamtamba. Miaka thelathini nyuma, ardhi ya mlimani ilipopanda thamani, kila mtu alijitokeza na bibi wa kubuni, na undugu ukageuka ugomvi wa mapanga. Ndipo yakaletwa masanduku. Unaweka kidole, linaonja tone la damu, linasoma maandishi yaliyomo ndani ya vinu vyako na kuyageuza namba. Kinu hurithiwa kwa mama peke yake. Vile vichache anavyokuja navyo baba huteketezwa ndani ya yai. Kwa hiyo namba ya bibi ndiyo ya mama, na ya mama ndiyo ya binti. Namba ikikubali, lango linapanda na maji yanashuka shambani kwako. Ikikataa, utapiga teke sanduku mpaka uumize mguu. Remigi alilibeba sanduku lile kichwani kutoka barabarani, na mpaka leo kila asubuhi alifuta kioo chake kwa pindo la shati.

"Nina dozi mbili," Leokadia alisema polepole. "Ya mwili inakwenda kwenye misuli, moyo na ubongo. Damu na mayai ya uzazi haviguswi. Kisomeo kitaendelea kumtambua. Dozi kamili inaingia mpaka kwenye uboho wa mifupa na kwenye mayai. Akipata hiyo atasomeka Mmwale. Yeye na wanawe."

"Basi mpe ya mwili. Imekwisha."

"Haijaisha, kaka. Mayai yakibaki yalivyo, watoto wake watazaliwa kama yeye."

"Hayo mayai utayashughulikia baadaye."

"Hakuna baadaye. Mwili unapokea vinu vya kigeni mara moja tu. Mara ya pili unavishambulia. Vyangu vya mwaka jana haukuvihesabu, ni damu moja."

Remigi alikaa kwenye kiti, akaweka kofia gotini. "Nieleze anaumwa nini. Usinieleze kama kitabu."

Na hapo Leokadia, ingawa saa ilikuwa inakimbia, hakuweza kujizuia. Alilipenda jambo lile kama wengine wanavyopenda mpira.

"Chukua mfereji wako," alisema. "Kinu kina kuta mbili, ya nje na ya ndani. Chakula kikishavunjwavunjwa kinaachia chembe ndogo za umeme, elektroni. Zinapokezanwa kwenye ukuta wa ndani mkono kwa mkono, kama sisi tunavyopokezana mawe siku ya msaragambo wa kijiji. Na kila zinapopokewa, pampu inasukuma chembe nyingine, protoni, kwenda upande wa pili wa ukuta. Zinajaa huko. Zinasongamana."

"Bwawa," alisema Remigi.

"Bwawa! Na zinataka kurudi. Njia kubwa ya kurudi ina gurudumu. Gurudumu la kweli, kaka, linazunguka zaidi ya mara mia kwa sekunde! Protoni zinapita, linazunguka, na likizunguka linabana vipande viwili kuwa kimoja. Hicho kilichobanwa ndicho ATP, ndiyo nguvu yenyewe. Ukipepesa jicho umeitumia. Moyo ukidunda umeitumia."

"Na hewa tunayovuta?"

"Oksijeni inasimama mwisho wa mstari, inapokea elektroni zilizochoka. Ikizipokea inageuka maji. Ikikosekana, mstari mzima unasimama, kila mtu ana jiwe mkononi na hana wa kumpa."

"Na huyu wa kwetu?"

"Wa kwetu hana pampu za kutosha. Maandishi ya kuziunda ndiyo yaliyokatika. Chakula kipo, hewa ipo, gurudumu linasubiri. Bwawa ndilo halijai."

Remigi aligeuzageuza kofia gotini. Bwawa lisilojaa alilielewa kuliko mtu yeyote pale kijijini.

"Kwa nini hukuchukua vya mtu baki?" aliuliza hatimaye. "Mjini wanavyo kwenye barafu. Mtu asiye na jamaa hapa, namba yake ningeiingiza kwenye kisomeo na ingemfungulia Oliva na wanawe tu. Lakini ya Wamwale? Siku nikiiingiza, Wamwale mia nne wanakunywa mfereji wangu. Nisipoiingiza, Oliva ndiye msichana wa mwisho wa tumbo hili. Akisomeka Mmwale tumbo limekufa, na mfereji usio na tumbo unakwenda Bodi ya Maji."

Leokadia alihisi uso ukimwaka moto. Lilikuwa kosa la mtu wa Lukunguni kabisa. Mgeni yeyote angefungua orodha ya mjini na kuchagua namba. Yeye, pamoja na shahada zake zote, shida ilipobisha hodi alimwita mtani.

"Kuagiza vya mjini ni wiki tano," alisema. "Moyo wake hauna wiki tano."

Remigi alisimama, akavaa kofia. "Dozi ya mwili. Mimi ndiye mjomba, nimesema."

Alitoka bila kuaga. Bi Kune alimtazama akiondoka, akasahau hata kudai jogoo wake.

3

Mifuko miwili midogo ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda cha Oliva, yote miwili rangi ya togwa. Mmoja ulikuwa na alama ya buluu, wa mwili. Mwingine alama ya njano, ambao ukiongezwa juu ya wa kwanza dozi inakuwa kamili. Ilikuwa saa sita na nusu.

"Nimesikia yote," alisema Oliva. "Huu ukuta ni wa ghala la kabichi, mama mdogo. Hata ukijikuna nasikia."

"Basi umesikia alichosema mjomba wako."

"Nimesikia."

Leokadia alifunga mpira wa mfuko wa buluu kwenye mkono wake, akafungua kishikizo. Tone la kwanza likashuka, la pili likafuata. Ndani ya kila tone mlikuwa na mamilioni ya vile vidude vya kijani, na kila kimoja kilikuwa kinakwenda kutafuta seli ya kuingia. Alitamani kuruka juu kama mtoto. Alitamani pia kwenda kujificha chini ya meza.

Dirishani ulionekana mfereji ukishuka kwenye mashamba ya ngazi. Mwanamke mmoja alikuwa anakimbia kando yake na jembe begani, akishindana na maji yaliyotoka kufunguliwa. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Lango likipanda, mwenye zamu hukimbia kwenda kuzibua mdomo wa shamba lake kabla maji hayajafika. Yakimtangulia yanafurika kwa jirani, na jirani atamcheka mpaka mavuno.

"Nilikimbia nayo mara moja," Oliva alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na moja. Yakanipita pale kwenye jiwe jeupe, nikakaa chini nikashindwa kuinuka. Mama alikuja kunibeba, na yeye mwenyewe akakaa. Tukakaa wote wawili, tunacheka." Alivuta pumzi. "Mama alijua kuwa ndiye aliyenipa?"

"Hakujua. Wakati ule hakuna aliyejua."

"Mimi najua."

Leokadia alirekebisha kishikizo cha mpira.

"Nataka kuzaa, mama mdogo. Sijalisema hili kwa mtu, maana ningemwambia nani, na mimi hata chai sifiki nayo mdomoni? Lakini nataka. Nikizaa mtoto akakaa chini pale kwenye jiwe jeupe, na mimi nilijua, nitamwambia nini? Kwamba mfereji ulikuwa na thamani kuliko miguu yake?"

"Ukipata ya njano, hilo lango linaweza lisikufungukie maisha yako yote. Shamba la mama yako utalitazama kwa macho tu."

"Nitalitazama nikiwa nimesimama."

Saa ikawa saba kasoro dakika kumi. Leokadia aliushika mfuko wa njano, akauachia, akaushika tena. Alimfikiria kaka yake akifuta kioo kwa pindo la shati. Alimfikiria Domitila. Aliogopa kweli kweli, maana katika miaka yake hamsini hakuwahi kuvunja neno la mjomba wa tumbo, wala hakumjua mwanamke aliyewahi.

"Ni wewe unayetaka?" aliuliza. "Sema kwa mdomo wako."

"Ni mimi ninayetaka."

Leokadia alipiga moyo konde, akaunganisha mpira wa pili. Saa saba na robo mifuko yote ilikuwa mitupu. Alijitupa kwenye kiti, na Oliva, kope nusu zimefumba, akamtania kwamba vinu vyake naye vimelegea.

4

Siku ya tisa kope za Oliva zilinyanyuka zenyewe, zikabaki juu. Wiki ya tatu alikwenda dirishani na kurudi, akaenda tena kwa kuwa aliweza. Wiki ya sita alibeba ndoo. Wiki ya nane Leokadia alisikia kishindo darini, akatoka mbio akidhani bati limeng'oka, akamkuta mpwa wake juu ya paa la kituo na nyundo mkononi, anapigilia misumari na kuimba kwa sauti mbaya kuliko zote alizowahi kuzisikia. Leokadia alikaa chini kwenye majani akalia kwa furaha, mchana kweupe, watu wakipita na kumsalimia.

Kwa Remigi hakusema kitu. Alijaribu mara tatu, na mara tatu akaishia kuuliza bei ya mbolea.

Wiki ya kumi na moja Remigi alitangaza kwamba Oliva atakabidhiwa shamba la Domitila. Wamtamba wakajaa kwenye lango la mfereji tangu saa mbili asubuhi, na Wamwale nao wakaja, maana hakuna sherehe ya mtu isiyovamiwa na watani wake. Shamba lenyewe lilikuwa mwisho wa mfereji, mita mia saba chini, mbele kabisa ya jiwe jeupe.

"Shikamoo mjomba," alisema Oliva, jembe begani.

"Marahaba mwanangu. Weka kidole."

Oliva alimtupia mama yake mdogo jicho moja la haraka, akaweka kidole.

Taa nyekundu. "Hatambuliki," sanduku likasema.

Remigi alikunja uso. Akatoa pindo la shati, akafuta kioo. "Weka tena."

"Hatambuliki."

Alifuta tena, taratibu, kwenye pembe zote, kama anayemfuta mtoto uso. Leokadia aliona mkono ule ukizunguka kwenye kioo safi na hakuweza kuvumilia.

"Kaka, kioo hakina uchafu," alisema. "Nilimpa dozi kamili."

Yalisikika maji tu, yakigonga lango kwa ndani.

"Nilisema nini?" Remigi aliuliza.

"Ulisema ya mwili."

"Na mimi ni nani?"

"Ni mjomba wake. Nimekuficha wiki kumi na moja, na kwa hilo naomba radhi mbele ya watu wote hawa. Kwa dozi siombi."

"Niulize mimi, mjomba," alisema Oliva. "Nilitaka mwenyewe, kwa ajili ya watoto nitakaozaa. Nilisema kwa mdomo wangu."

Remigi aligeuka kumtazama, na mshipa wa shingo ulikuwa umemtoka. Kabla hajafungua mdomo, Bi Kune alijipenyeza katikati yao, akamkamata Oliva mkono kama watani wanavyokamata mbuzi msibani.

"Mnagombea nini? Huyu ni wangu!" alipiga kelele. "Sanduku lenyewe limesema si wenu! Vinu vyangu, paja langu, binti yangu! Nampeleka kwetu akanipikie. Mkimtaka, mkomboeni!"

Wamwale walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Kila mtu alimwona Remigi akimeza hasira yake, funda kwa funda, kwa sababu kwa mtani hakuna hasira. Na mtani akiteka, mwenye mali hana budi kuuliza.

"Unataka nini?" aliuliza kwa sauti kavu.

"Maji," alisema Bi Kune. "Namba yetu kwenye sanduku lako."

Vigelegele vilikatika. Hata Wamwale wenyewe waliona bibi yao amevuka mpaka. Remigi hakusogea. Alimtazama Oliva, aliyekuwa amesimama katikati ya njia bila kuegemea kitu, jembe begani, mashavu yamejaa. Mara ya mwisho Domitila kufika pale langoni alikuwa amebebwa mgongoni, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Remigi.

"Hao watoto unaowataka," alimwambia Oliva, "watakimbia?"

"Watakimbia, mjomba."

Alivuta kamasi, akafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa sanduku, akakandamiza kidole chake kuruhusu namba mpya. "Mtani, lete kidole."

Bi Kune alikileta, na kwa mara ya kwanza hakuonekana na uhakika. Sanduku lilifikiri kwa muda. Taa ikawaka kijani.

"Sasa," alisema Remigi, akakifunga kifuniko. "Kila anayetambuliwa na kisomeo hiki ni mwenye mfereji. Sivyo?"

"Ndivyo!" wakaitikia Wamwale.

"Na mwenye mfereji anazibua matope kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, jembe mkononi. Asiyefika, lango halimfungukii. Mko wangapi kwenu?"

"Mia nne na kumi na mbili," akasema mmoja, kabla jirani yake hajamtia kiwiko cha mbavu.

"Miaka thelathini tumezibua watu hamsini. Mgongo wangu umekwisha. Karibuni sana, watani. Jumamosi tunaanzia kule juu kwenye makorongo."

Wamtamba walilipuka kwa kicheko, wengine wakashikana mabega wasianguke. Bi Kune alikuwa ameachama mdomo.

"Remigi! Umetuibia!"

"Usikasirike. Huna ruhusa."

Kisha akamgeukia dada yake, na hapo hakucheka. "Wewe tutaongea nyumbani."

"Ndiyo, kaka," alisema Leokadia. Alijua mazungumzo hayo yatakuwa marefu, na hakujali. Alikuwa anatazama kidole cha Oliva kikienda kwenye kioo.

Kijani.

Lango lilinguruma, likapanda, na maji yakatoka kwa kishindo. Oliva alikuwa ameshaondoka. Walimwona akiruka ngazi ya kwanza, ya pili, kitenge kimefungwa kiunoni, maji yakimfuata pembeni, yakimkaribia, yakiwa naye sambamba. Wamtamba walipiga kelele. Wamwale walipiga kelele kubwa zaidi, maana sasa alikuwa wao pia. Leokadia alijikuta anakimbia juu ya ukingo, miaka hamsini na viatu vya kituoni, akiita jina lake. Aliyaona magurudumu, aliyaona kabisa, mabilioni kwa mabilioni kwenye yale mapaja, yanazunguka.

Kwenye jiwe jeupe Oliva hakukaa. Hata kulitazama hakulitazama. Aliingia kwenye kona ya mwisho akapotea nyuma ya migomba, na maji yakaingia nyuma yake.

Watu wote walitega masikio. Kutoka chini ilisikika sauti ya jembe likipiga udongo, mara moja, mara mbili, mara tatu. Likanyamaza. Kisha akasikika Oliva mwenyewe, pumzi zimejaa tele, anaita kwa ukali wa mwenye shamba.

"Mjomba! Nimeshazibua! Maji yako wapi?"